Udi wa Mlango wa Uani

Siku niliyovaa nikabu kwenda Nguvumali kumchungulia mwanamke aliyekuwa akinichukulia riziki yangu, nilijiona mjanja kweli. Sina kawaida ya kufunika uso. Nilimwazima jirani nikabu yake, nikamwambia nina mafua na vumbi linanisumbua, nikapanda bajaji kutoka Makorora nikiwa nimebakiza macho tu. Nilitaka niuone udi wake, niushike, niunuse, nirudi nyumbani nikijua ni kitu gani kinachowatia wazimu wanawake wa mji huu.

Mimi napika udi. Napika wa vipande, kama alivyopika bibi yangu mzaa mama kule Mtang'ata. Sukari inayeyushwa kwenye sufuria mpaka iwe na rangi ya asali, vipande vya mti vinatiwa humo, halafu manukato yanafuata moja moja, kila moja kwa zamu yake, na ukikosea zamu umeharibu sufuria nzima. Ukishapoa unatiwa kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana. Mwanamke akitoka kuoga huweka kipande juu ya kaa la moto kwenye chetezo, akafukiza nguo, shuka, nywele na chumba. Kwetu chumba kikikaa siku nyingi bila udi, majirani huanza kuulizana kama wenyewe wamegombana.

Bibi alikuwa na sharti moja, nami nililirithi pamoja na sufuria yake. Hakupika udi wa wanawake wawili kwa pamoja. Kila mmoja alipikiwa wake. Mteja mpya akija kwangu namkalisha kwenye mkeka, nampa chai, namwacha azungumze. Namuuliza anapenda kupika nini, mumewe anafanya kazi gani, nyumba yao ina joto au ina upepo. Wakati huo nainusa ngozi yake bila yeye kujua, maana mafuta yaleyale kwa huyu hunukia, kwa yule hugeuka yakawa makali. Akirudi kuchukua chupa yake nilikuwa namwambia maneno yaleyale aliyokuwa akiyasema bibi, kwamba huu ni wako, na Tanga nzima hakuna mwingine atakayenukia hivi.

Ungewaona macho yao. Mwanamke aliyekuja amechoka na mambo ya nyumbani alikuwa ananyanyuka pale mkekani kama aliyeambiwa siri ya ufalme. Anaitia chupa ndani ya buibui, anatokea mlango wa uani, anapita kichochoroni. Sikumwambia hata mmoja apite huko. Walianza wenyewe, na wote walifanya vilevile, nami kwa miaka mingi nikaona ni heshima. Walirudi kila chupa ilipokwisha. Wengine walihamia Pangani na Korogwe na bado wakaja. Sikuwa na kibao mlangoni. Wanangu waliponiambia nijitangaze niliwajibu kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Yule wa Nguvumali aliwahi kuwa mteja wangu. Alikuja akiwa mwali wa juzi tu, hina bado haijafutika mikononi, ana haya, hajui hata kukaa na buibui lake vizuri. Nilimpikia udi wenye rihani ndani yake, kitu nisichomtilia mtu mwingine kabla wala baadaye, kwa sababu ngozi yake ilikuwa inaukubali. Aliutumia miaka kadhaa, kisha akakatika. Nikadhani ameachika. Nilimhurumia, nikamwombea dua. Kumbe mwenzangu amenunua sufuria.

Alipika udi mmoja kwa watu wote. Mmoja! Tajiri, maskini, mwembamba, mnene, bibi harusi na bibi yake, wote kopo moja dogo jekundu lililofungwa utepe. Niliposikia nilicheka. Nikasema huyo hafiki Ramadhani. Ramadhani ikafika, ikapita, na ilipofika nyingine udi wake ulikuwa umeshaingia mpaka kwenye foleni ya zahanati.

Mwenyewe hakujitangaza hata siku moja. Waliomtangaza ni wateja wake. Walikuwa na kundi lao la wasapu, wakipigana picha na makopo mekundu, mmoja kaweka lake juu ya kabati, mwingine juu ya friji. Mteja akimleta mwenziwe, wanakaribishwa wote wawili kwa halua na kahawa, na yule mpya anaambiwa mbele za watu kwamba amekuja kwa mkono wa fulani, basi fulani anajiona yeye ndiye mwenye duka. Harusi ikiwa na udi wake, kila mgeni hupewa kipande kimoja kilichofungwa kwenye karatasi aende nacho nyumbani. Mgeni akikichoma, jirani anauliza. Akiulizwa anajibu. Kazi yote ndiyo hiyo, na sikuwahi kuiwaza.

Nilimwonea wivu. Nalisema neno lenyewe kwa sababu watu hulivalisha nguo nyingine, wanasema wameshangaa, wanasema wanausikitikia mji. Mimi nilikuwa na wivu, tena ule wa kukata hamu ya kula. Nikienda maulidi narudi na harufu yake kwenye mtandio wangu. Nikienda msibani, pale kwenye mkeka wa wafiwa, anakuja mtu ananikumbatia kunipa pole na ananipaka udi wa Nguvumali mpaka shingoni. Nilikuwa naziloweka nguo zangu mara mbili. Nikiwa jikoni kwangu, upepo ukigeuka, nilikuwa naweza kukuhesabia nyumba za mtaa wetu zilizokwisha kwenda kwake.

Ndiyo maana nilivaa nikabu.

Kwake kulikuwa na baraza safi na mlango wa mbele uliofunguliwa wazi. Wanawake walikuwa wamekaa wanakunywa kahawa kana kwamba ni nyumbani kwao, wanacheka kwa sauti. Niliingia, nikajibana upande, nikabadilisha sauti yangu nikaomba kopo moja. Yeye alikuwa ameinama anafunga utepe. Akainua uso taratibu, akayatazama macho yangu, kisha akaweka mkasi chini.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nilikuwa nimejifunika kuanzia utosini mpaka vidoleni, na nilikuwa nanukia udi wangu mwenyewe. Alinijua tangu nilipokanyaga kizingiti. Wanawake wote wamegeuka wananitazama. Nifanyeje? Nikaitikia marahaba. Alinitilia makopo mawili kwenye mfuko, akakataa pesa, akasema mkono wangu haulipishwi pale. Wale wanawake wakasema mashallah, wakamsifu kwa adabu yake. Kwa hiyo nilikwenda kumpeleleza, nikarudi nikiwa nimemwongezea sifa.

Nyumbani nilichoma kipande chake. Nilitaka kiwe kibaya. Hakikuwa kibaya. Kilikuwa cha wastani, kitamu kidogo, kisichoudhi mtu, kinachomkaa kila mmoja sawasawa kama kandambili. Nilikaa mbele ya chetezo nikazidi kukasirika, kwa sababu kama kingekuwa kizuri kuliko changu ningejua la kufanya.

Muda huo wateja wangu wapya walikuwa wamekwisha kabisa. Waliobaki ni wale wa zamani, waaminifu, wachache, na wanazeeka pamoja nami. Mmoja akifa au akihamia Dar kwa mwanawe, chupa yake inafia hapo. Niliona wazi kwamba sufuria ya bibi itanifia mkononi, tena nikiwa hai naitazama. Kilichokuwa kimebaki ni tumaini moja. Mteja wangu wa kwanza kabisa alikuwa anaoza binti.

Huyu mteja tumetoka naye mbali. Mumewe ananunua iliki na mdalasini kutoka kwa wakulima wa milimani, kule Amani, na nyumba yao ni miongoni mwa zile ambazo harusi zao huzungumzwa mpaka harusi nyingine kubwa itokee. Tangu aolewe hajafukiza udi wa mtu mwingine. Udi wake niliupika nikiwa bado najifunza, naogopa kumwaibisha bibi, na mpaka leo ndio mzuri kuliko wote niliowahi kuupika. Una mdalasini wa mumewe mwenyewe ndani yake. Aliniambia si mara moja kwamba mzee anaporudi safari, hata kabla hajavua viatu, husimama mlangoni kwanza akavuta pumzi.

Nilijua harusi ile ingekuja na wanawake wa Pangani, Muheza, Lushoto, mpaka wa ng'ambo ya mpaka kule Mombasa. Mwenye kufukiza nguo za bibi harusi na kupitisha chetezo kwa wageni, jina lake lingetoka pale na kutapakaa. Kama ni mimi, nimepona. Kama ni mwingine, basi tena. Nikanunua vipande vipya vya mti wa sandali. Nikasugua tenga la kutandazia nguo za kufukiza, nikalianika juani. Nikakaa kusubiri kuitwa.

Nilichopata ni kadi ya mwaliko kama mgeni yeyote. Na kundi la wasapu la Nguvumali, nililokuwa nikisomewa na jirani, lilikuwa tayari linapongezana kwa kupata kazi ile.

Nilimfuata mteja wangu kwake asubuhi ileile, wala sikunywa chai. Nilimkuta uani anachambua mchele na wanawake wengine. Aliponiona akanishika mkono haraka akaniingiza chumbani, akafunga mlango. Nikamuuliza nimemkosea nini. Akaniapia kwamba sijamkosea kitu. Nikamuuliza basi kwa nini, miaka yote hii, siku ya siku inapofika anamwita mtu ambaye udi wake yeye mwenyewe haufukizi.

"Shoga yangu, nikikuita wewe, Muheza atajua," alisema.

Muheza ni mke mwenziwe. Mumewe aliongeza mke huko miaka kadhaa iliyopita, msichana wa kisasa, mchangamfu, mwenye duka la nguo. Mteja wangu hakumpenda wala hakumtukana, alimtaja kwa jina la mji tu. Akanieleza kwamba yule bi mdogo amekuwa akiuliza kila mtu dada mkubwa ananunua wapi udi. Amewatuma mawifi, amemtuma mpaka dereva. Hajapata jibu, kwa sababu hakuna anayejua. Akinisimamisha mimi harusini na chetezo mkononi, bi mdogo ataunganisha mambo mawili, na kesho yake atakuwa mkekani kwangu ananywa chai.

"Yule ana ujana, ana duka, ana kila kitu. Mimi nina ile harufu," akasema. "Ukimpa na hiyo, mzee atavua viatu wapi?"

Nilitamani kumwambia kwamba na mimi nina haki ya kula. Sikumwambia. Alikuwa ananishika mkono kama anayezama, na pale ndani ya chumba kile udi wangu ulikuwa unanukia vizuri mno. Nikajua kwa mara ya kwanza kile walichokuwa wakikifanya wateja wangu wote walipopita kichochoroni. Sikuwa nimeheshimiwa. Nilikuwa nimefichwa. Kila mmoja alikuwa ananionea wivu, hataki mwingine anipate, na nilikuwa nimewafundisha mwenyewe pale mkekani, kwa chai yangu.

Harusini nilikwenda. Nilivaa gauni langu la zambarau, nikajifukiza udi wangu mara mbili zaidi ya kawaida ili nikikaribia mtu ajue. Yule wa Nguvumali alikuwa mlangoni, chetezo mkono mmoja, mrashi wa maji ya waridi mkono wa pili, anawapokea wanawake mmoja mmoja na kuwafukiza chini ya buibui. Waliokuwa wakimsaidia hawakuwa waajiriwa. Walikuwa wateja wake, wamekuja kwa hiari yao, wameshona sare. Mmoja wao alikuwa amejifunga khanga iliyoandikwa Hasidi Hana Sababu. Huenda aliinunua kwa ajili ya rangi. Mimi nilijua ni yangu.

Nilikaa karibu na ukumbi wa ndani, nikala pilau bila kuisikia ladha. Kila upande walikuwa wanamtaja. Mama mmoja wa Pangani, ambaye simjui wala hanijui, alinigeukia akanishauri kwa upole niache ule udi nilioutumia, niende Nguvumali nikapate wa kisasa. Nikamshukuru. Nilimshukuru huku nimekunja kitambaa cha mkononi mpaka vidole vikauma.

Ndipo bi mdogo wa Muheza akatokea vyumbani. Wageni walikuwa wanaweka mabuibui yao huko, nadhani alipita karibu na chumba cha mwenye nyumba. Alikuwa mzuri kuliko nilivyotaka awe. Alitazama huku na huku, akauliza kitu kwa mama mmoja, na yule mama akaninyooshea kidole. Akaja akakaa kando yangu, akaniamkia kwa adabu zote.

"Nimeambiwa na wewe ulikuwa ukipika udi zamani," alisema.

Neno zamani liliniingia mpaka kwenye mfupa. Nikamwambia bado napika.

"Ule unaonukia chumbani kwa bi mkubwa, ni mkono wako?"

Niliinua macho. Upande wa pili wa ukumbi mteja wangu alikuwa amesimama na sinia la sambusa, hampi mtu, anatutazama sisi. Muziki ulikuwa juu, asingeweza kusikia nitakachosema. Na pale karibu yangu alikuwa amekaa mwanamke mwenye duka Muheza, mwenye mdomo, mwenye simu kubwa, mwenye mawifi na mashoga, ambaye ningemjibu neno moja tu angebeba jina langu mpaka milimani na kulirudisha. Nililiona neno lenyewe lilivyokaa ulimini. Nilikuwa na njaa nalo.

"Ule si wangu," nikasema.

Sijui mpaka leo kama ule ulikuwa uaminifu au kiburi. Labda sikutaka udi wangu ule mzuri kuliko wote uishie kugawanywa mara mbili, huku Jumamosi na kule Jumapili. Bi mdogo akashukuru, akanyanyuka, akaenda moja kwa moja mlangoni kwa yule wa Nguvumali. Niliwaona wanaandikiana namba za simu. Aliondoka na makopo mekundu mfuko mzima.

Wiki haikuisha, mteja wangu akaja. Mlango wa uani, kama siku zote, amejiinamia. Nilikuwa nimemtayarishia chupa yake. Akaniuliza kwanza, hata kabla ya kukaa, kama nilimwambia. Nikamjibu kwamba sikumwambia. Akalia kidogo, akanibusu mkono, akasema Mungu atanilipa. Nikamwambia Mungu nitamngoja, lakini yeye pia atanilipa kitu kimoja leo. Nikamshika mkono nikamgeuza kutoka upande wa uani.

"Leo utatokea mbele," nikamwambia. "Saa hizi, watu wakiwa barazani. Chupa utaishika mkononi."

Nadhani aliona kwamba sitanii. Akajifunga mtandio wake, akashika chupa, akapita ukumbini, akafungua mlango wa mbele ambao hakuwahi kuupita tangu tufahamiane, akatoka kwenye jua. Mimi nilibaki nyuma ya pazia la dirisha.

Jirani aliyekuwa barazani kwake akaamkiana naye, akamuuliza ametoka wapi.

"Nimekuja kumwangalia huyu mama," nilimsikia mteja wangu akijibu, na chupa tayari imeshazama ndani ya buibui. "Hali yake si nzuri. Presha imempanda. Mkampe pole, jamani, yuko peke yake."

Kumbe mdomo anao. Kabla ya adhuhuri Makorora yote ilikuwa inajua kwamba mimi ni mgonjwa. Walikuja na uji, walikuja na ndimu, walikuja na machungwa ya Muheza kwenye ndoo. Jirani wa nikabu akasema alijua tangu siku ile ya mafua. Ikanibidi nilale kitandani, kwa sababu ningesimama ingekuwa ni kumwita mwongo mtu niliyemfichia siri yake kwa gharama ile. Habari ikaingia mpaka kwenye lile kundi la wasapu, na wateja wa Nguvumali wakaja wawili wawili, chumba changu kikajaa harufu ya kopo jekundu. Nililala pale nikapokea pole. Katika maisha yangu yote mteja wangu hakuwahi kunitangaza, na siku aliponitangaza alitangaza ugonjwa, na ugonjwa ukauzika.

Alasiri, watu walipopungua, akaja mwenyewe wa Nguvumali. Alikuwa na bakuli la supu ya kuku. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akanifunika miguu, akaniuliza ninaumwa nini hasa.

Nilikuwa nimechoka kudanganya.

"Wivu," nikamwambia.

Hakucheka. Aliitazama supu, akaikoroga ingawa haikuwa na haja ya kukorogwa. Kisha akanyanyuka akaenda kuchungulia ukumbini kama kuna mtu, akarudi, akasogeza mdomo karibu na sikio langu. Akaniambia kwamba udi wake wa kopo hajawahi kuufukiza chumbani kwake hata siku moja. Siku zote hizi alikuwa anatumia ule wangu wa rihani. Aliuweka akiba, akauchoma kwa kumega vipande vidogo vidogo, siku maalumu tu. Amejaribu kuupika mwenyewe mara nyingi na haupatikani. Sasa umekwisha. Mumewe amemuuliza kwa nini siku hizi chumba kinanukia kama harusi za watu.

"Nipikie mwingine, mama," alisema. "Lakini nakuomba asijue mtu. Wakijua mimi mwenyewe nachoma wa kwako, nimekwisha."

Nililala nikatazama dari. Nilikuwa nimepewa mkononi kile nilichokuwa nakililia. Neno moja likitoka kwa huyu, mbele ya wale wanawake wake wenye sare, lingenirudishia mji mzima. Nilimwambia aje Ijumaa, utakuwa tayari. Akanishukuru, akajifunga buibui, akafika mlangoni pa chumba, akasimama.

Akaniuliza aje kwa mlango gani.

Nilitaka kusema wa mbele. Nilishaliandaa, nilishaona baraza zote zikigeuza shingo. Lakini nilimtazama pale alipokuwa amesimama ananisubiri, mwanamke anayetajwa na kila mtu, na nikajua kwamba katika Tanga nzima ni mimi peke yangu ninayejua chumba chake kinanukia nini. Kitu kizuri namna ile nilikuwa sijapata siku nyingi, na sikutaka kukigawana na mtu.

"Wa uani," nikamwambia.